Kiti cha Mzee wa Baraza Kisiondolewe

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria Na. 1 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, na ndani yake kifungu cha 265 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kikabadilika. Kabla ya hapo, kesi ya jinai iliyofika Mahakama Kuu ilikuwa lazima isikilizwe kwa msaada wa wazee wa baraza, wawili au zaidi. Baada ya hapo imekuwa hiari ya jaji. Akiona hawahitajiki, anaanza na kumaliza kesi ya mauaji bila raia hata mmoja kuketi upande wake.

Huku Tarime na Serengeti watu wengi hawana habari ya mabadiliko hayo, kwa sababu mtu wa kawaida huijua Mahakama Kuu siku ndugu yake anapopandishwa kizimbani. Lakini kila ninapolizungumza jambo hili na mawakili, watumishi wa mahakama au vijana waliokulia kwenye filamu za Kimarekani, nasikia hoja zile zile. Baadhi zina ukweli ndani yake. Nazijibu hapa kwa sababu adhabu ya kuua kwa kukusudia nchini mwetu bado ni moja tu, kunyongwa hadi kufa, na jaji akishamtia mtu hatiani hana adhabu nyingine ya kuchagua. Kweli, Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha ilisema kwamba ulazima wa adhabu hiyo unakiuka haki ya kuishi. Lakini kifungu bado kipo, na watu wanaendelea kuhukumiwa. Panapokuwa na adhabu ya namna hiyo, jicho la pili ni haki ya mshtakiwa.

"Wazee walikuwa pambo tu, jaji halazimiki kuwasikiliza"

Kisheria msemaji huyu yuko sahihi. Kifungu cha 298 kinasema wazi kwamba jaji hafungwi na maoni ya wazee. Wote wanaweza kusema mshtakiwa hana hatia na jaji akamtia hatiani, na kinyume chake vilevile.

Ila aliyewahi kukaa benchi la nyuma kwenye kikao cha mauaji anajua kwamba kazi ya wazee haianzi siku ya kutoa maoni. Jaji huwatambulisha, kisha humgeukia mshtakiwa na kumwuliza kama ana pingamizi na yeyote kati yao. Kwa mtu aliyekaa mahabusu miaka akisukumwa kutoka tarehe moja hadi nyingine, hilo huwa swali la kwanza linalompa kauli. Kisha wazee husikiliza kila shahidi, na wakitaka ufafanuzi huuliza kwa ruhusa ya jaji. Ushahidi ukifungwa, jaji huwafanyia majumuisho: shahidi gani alisema nini, kusudio la kuua ni nini, kujihami kunaishia wapi, ni lini tuamini kwamba mtu alitambuliwa gizani. Halafu kila mzee husema maoni yake kwa mdomo wake, mbele ya mshtakiwa, mawakili na ndugu wa marehemu.

Majumuisho hayo yana thamani kubwa kuliko yanavyosifiwa. Jaji anayejua kwamba lazima amweleze mfugaji wa Nyamwaga, kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini ushahidi huu unatosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi, analazimika kwanza kujieleza mwenyewe. Hoja dhaifu huonekana udhaifu wake hapo hapo.

Chukua kesi ya aina inayojulikana sana Tarime. Wezi wa ng'ombe wamevamia boma usiku, mwenye boma ameuawa, na mjane anasema alimtambua mmoja wao kwa mwanga wa mbalamwezi. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980, utambuzi wa namna hiyo hupimwa kwa uangalifu mkubwa: umbali, muda, ukubwa wa mwanga, kama shahidi alimjua mtu huyo kabla. Jaji aliyekulia mjini anaijua orodha hiyo kwa moyo. Mzee wa Muriba anajua kitu kingine. Zizi likiwa katikati ya boma na nyumba ya mke mdogo ikiwa upande wa pili, mtu anayechungulia mlangoni anaona migongo ya ng'ombe kabla hajaona sura ya mtu, na ng'ombe wakishatimuliwa hakuna anayeona kitu kwa vumbi. Kwa hiyo atauliza: "Mama, wakati huo ng'ombe walikuwa wametoka au bado wamo zizini?" Swali hilo halimo kwenye orodha ya 1980, lakini jibu lake linaweza kuamua kesi.

Kama kasoro ni kwamba maoni ya wazee hayana nguvu, dawa yake tunaijua tayari. Kwa miongo mingi Sheria ya Mahakama za Mahakimu ilimkalisha hakimu wa Mahakama ya Mwanzo pamoja na washauri wasiopungua wawili, na jambo lote liliamuliwa kwa kura: hatia, dhamana, hata kiwango cha adhabu. Washauri wawili wakikubaliana waliweza kumshinda hakimu. Hebu fikiria maana yake. Mtu aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku Mugumu alihukumiwa kwa kura ya raia wenzake, na aliyeshtakiwa kwa mauaji alipata ushauri unaoweza kutupwa. Kosa dogo lilipewa ulinzi mkubwa, kosa kubwa likapewa ulinzi mdogo. Hatukutakiwa kuwaondoa wazee Mahakama Kuu. Tulitakiwa kuwapa kura.

"Wao ndio waliosababisha kesi kufutwa"

Hii ndiyo hoja iliyoleta mabadiliko ya 2022 kwa kiasi kikubwa, na inastahili jibu refu.

Kwa miaka mingi Mahakama ya Rufani ilifuta mienendo ya kesi za mauaji moja baada ya nyingine kwa sababu zinazohusu wazee. Mahali pengine kumbukumbu zilionyesha kwamba mzee alimwuliza shahidi maswali ya dodoso, kazi ambayo sheria imeuachia upande pinzani peke yake. Kwingine jaji hakuwaeleza wajibu wao tangu mwanzo. Kwingine majumuisho yaliruka jambo zito la kisheria, kwa mfano ushahidi wa mazingira, au utetezi wa kwamba mshtakiwa hakuwepo eneo la tukio. Kwingine mzee aliyetoa maoni hakuwapo mashahidi wa kwanza walipotoa ushahidi. Mara nyingi amri ilikuwa kesi ianze upya. Mshtakiwa akarudi mahabusu, shahidi mmoja alikuwa amekufa, mwingine amehamia Kenya, daktari aliyefanya uchunguzi wa maiti amehamishiwa mkoa mwingine. Familia ya marehemu ikaanza tena kulipa nauli.

Maumivu hayo ni ya kweli, na sitaki kuyapunguza. Lakini soma tena orodha yenyewe. Nani alitakiwa kuwaeleza wazee wajibu wao? Jaji. Nani aliruhusu swali, kisha likaandikwa kwenye kumbukumbu chini ya kichwa cha dodoso? Mahakama. Nani alisahau utetezi wa mshtakiwa kwenye majumuisho? Jaji. Nani aliendelea na kesi huku mzee mmoja hayupo, halafu akampokea tena? Sioni kosa la mzee hapo. Mzee aliitwa kutoka shambani, akaketi alipoelekezwa, akauliza alipoambiwa uliza.

Upelelezi unapoharibika hatuvunji Jeshi la Polisi, na hati ya mashtaka ikiwa na kasoro hatufuti ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Tunataka kazi ifanywe vizuri. Kwa wazee peke yao ndipo tuliona ni rahisi kumwondoa mtu kuliko kurekebisha utaratibu.

Na utaratibu wenyewe haukuwa mgumu kurekebishwa. Ukurasa mmoja wa maelekezo kwa Kiswahili, usomwe mahakamani siku ya kwanza na uingizwe kwenye kumbukumbu, ungemaliza nusu ya matatizo. Nusu nyingine ingemalizwa na kifungu cha 388 cha sheria hiyo hiyo, kinachosema hukumu isitenguliwe kwa kosa la kiutaratibu isipokuwa kosa hilo limesababisha haki kupotea. Katiba nayo, ibara ya 107A(2), inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Silaha hizo zilikuwepo. Swali la mzee lililoandikwa chini ya kichwa kisicho sahihi halikuhitaji kufuta kesi nzima, seuze kuondoa kiti chake.

"Ni mabaki ya ukoloni"

Ni kweli kwamba Waingereza waliwatumia wazee kumfafanulia jaji Mzungu mila za watu asiowajua. Lakini Kanuni ya Adhabu tunayoitumia hadi leo kuwashtaki watu kwa mauaji ilitungwa mwaka 1930, na hakuna anayetaka ifutwe kwa sababu ya umri wake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliyowaweka wazee ilitungwa mwaka 1985, na Bunge la nchi huru, miaka 24 baada ya uhuru. Ile ya Mahakama za Mahakimu, iliyowabakiza washauri, ilitungwa 1963. Wazalendo wale walikuwa na nafasi mbili za kuwaondoa, na mara zote mbili wakawabakiza. Ukitafuta sura ya mahakama ya kikoloni, itafute kwa afisa mmoja anayeketi peke yake na kuamua hatima ya watu ambao hatabaki kuishi nao.

"Tarime ni nchi ya koo, mtu hatamfunga mtu wa ukoo wake"

Wanaosema hivi wengi wao ni watu wa huku huku, na wanasema kwa uchungu. Wanchari, Warenchoka, Wakira, Wanyabasi, Watimbaru, Wairege: majina hayo yamebeba mapigano ya mashamba, ya malisho na ya ng'ombe walioibwa, kiasi kwamba Tarime na Rorya zilipewa kanda maalumu ya kipolisi. Ukivuka kwenda Serengeti unakuta Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, pamoja na Wakurya na Wasukuma waliohamia. Mtu akiuawa kwenye mpaka wa vijiji vya koo mbili, kila upande una maiti wake, mashahidi wake na ukweli wake.

Basi mzee wa baraza Mnchari ataaminikaje kwenye kesi ya Mnchari aliyemuua Mrenchoka?

Kwanza, mshtakiwa huulizwa kama anampinga mzee yeyote. Hatua hiyo iliwekwa kwa ajili ya hofu ya aina hii hasa, na ndugu wa marehemu wangeweza kupewa nafasi hiyo hiyo kupitia wakili wa Serikali. Pili, hakuna sheria inayotaka wazee watoke kijiji kimoja na mshtakiwa. Kesi ya koo mbili za Tarime inaweza kupata mzee kutoka Rorya, mwingine kutoka Bunda na wa tatu kutoka Serengeti, watu wanaojua ng'ombe, mahari na mipaka ya mashamba bila kuwa na maiti kwenye ugomvi huo.

Tatu, na hapa ndipo wapinzani wangu wanaponyamaza, shinikizo la ukoo humwangukia shahidi kabla ya kumfikia mzee. Shahidi ndiye anayefuatwa nyumbani usiku, na ndiye anayefika mahakamani na kusema hakumbuki tena. Kumwondoa mzee hakuondoi shinikizo hilo hata kidogo. Kunaondoa tu watu wawili watatu waliomo chumbani ambao, kwa kuishi hapa, wanaweza kutofautisha shahidi aliyesahau na shahidi aliyetishwa, au mashahidi watano waliofundishwa maneno yale yale.

Nne, historia yetu wenyewe inakataa dai kwamba Mkurya hawezi kumhukumu wa kwake. Mkutano wa hadhara wa ritongo ulikuwa ukiwaita watu wa ukoo mmoja kusikiliza tuhuma dhidi ya vijana wa ukoo huo huo, hasa wezi wa ng'ombe, na baba alisimama akisikia mwanawe anatajwa. Sungusungu walipoenea kutoka Usukumani miaka ya 1980, wazo la jamii kuwakabili wahalifu wake yenyewe halikuwa geni huku.

Siwasifu bila mpaka. Ritongo na sungusungu wamewahi kupiga watu, kuwatoza na kuwafukuza bila ushahidi wa kutosha. Wanawake hawakuwa na sauti humo. Baraza la inchama ndilo linalotangaza misimu ya tohara, na pamoja nayo ukeketaji wa mabinti, kosa ambalo sheria yetu imeliadhibu tangu 1998 pale msichana anapokuwa chini ya miaka 18. Msichana akikeketwa na kuvuja damu hadi kufa, kesi ya kuua bila kukusudia itafika Mahakama Kuu. Siku hiyo sitaki kiti cha mzee wa baraza akalie mzee wa inchama.

Na sheria haimtaki. Sifa ya umri iliyowekwa ni miaka 21 hadi 60. Jina "mzee" limetudanganya tukaamini kiti ni cha wenye mvi na fimbo. Mwalimu wa kike wa Mugumu anafaa. Anafaa muuguzi wa Nyamongo, na anafaa dereva wa bodaboda wa Sirari. Mama anayefanya kazi kwenye nyumba salama ya Mugumu au ya Masanga, anayewapokea wasichana waliokimbia kisu kila Desemba, anaijua jamii hii kuliko wengi wetu, ingawa kwenye kesi ya ukeketaji wakili wa utetezi anaweza kumpinga kwa haki. Tatizo la miaka yote lilikuwa namna ya kuwapata: mara nyingi walikuwa watu wale wale waliozoeleka na ofisi ya mahakama, wenye muda na hamu ya posho. Kura ya bahati nasibu kutoka kwenye daftari la wapiga kura, nusu wanawake, ingelimaliza hilo. Kodi ya wananchi inalipa nauli ya jaji, karani, mawakili na mashahidi. Haitafilisika kwa nauli ya raia watatu.

"Hawajasoma, hawataelewa sheria"

Hawaulizwi sheria. Jaji anawaeleza sheria, wao wanapima kama shahidi amesema kweli. Kazi hiyo huifanya kila mtu aliyewahi kununua ng'ombe mnadani. Tena tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo ule ukuta wa Kiingereza uliomwacha mzee akikisia nusu ya mambo umeanza kubomoka. Ni jambo la kusikitisha kwamba mlango wa lugha ulifunguliwa, na mwaka mmoja baadaye mwananchi akaambiwa si lazima aingie.

"Afadhali tulete juri ya watu 12 kama Marekani na Uingereza"

Wanaotoa hoja hii ni marafiki zangu, na tunataka kitu kimoja. Lakini juri siyo dawa ya Tarime.

Juri ya Kiingereza hukaa chumbani peke yake bila jaji, ikatoka na neno moja au mawili: ana hatia, hana hatia. Haitoi sababu. Kwetu rufaa ya kwanza ni kuupitia ushahidi upya pamoja na sababu za jaji, na makosa mengi yamegunduliwa kwa njia hiyo. Ukiweka juri, aliyehukumiwa hana sababu za kupinga, na ndugu wa marehemu hawajui kwa nini muuaji ameachiwa. Kwenye eneo lenye kisasi cha koo, uamuzi usio na sababu utajazwa sababu na watu wenyewe, na usiku huo huo watu wataanza kuhama.

Isitoshe, Afrika Mashariki juri tunaifahamu. Wakati wa ukoloni Kenya ilikuwa nayo kwa ajili ya Wazungu peke yao. Mwaka 1941 juri ya Wazungu jijini Nairobi ilimwachia Sir Jock Delves Broughton, aliyeshtakiwa kumuua Lord Erroll, na hadi leo watu wanaandika vitabu kubahatisha kilichotokea. Kwa haki niseme pia kwamba mwaka 1959 juri ya Wazungu ilimtia hatiani Mzungu mwenzao, Peter Poole, kwa kumuua Mwafrika, akanyongwa mwaka uliofuata. Raia wanaweza kumhukumu wa kwao. Lakini Mwafrika aliyeshtakiwa Nairobi miaka hiyo hakuwa na juri yoyote.

Kuna njia ya kati, na nchi kubwa zimeifuata. Ujerumani iliacha juri mwaka 1924. Leo kesi ya mauaji huko husikilizwa na majaji watatu na raia wawili wanaokaa meza moja na kupiga kura sawa, na mtu hatiwi hatiani bila theluthi mbili, yaani kura nne kati ya tano. Japani tangu 2009 inawaweka raia sita na majaji watatu. Hata Uingereza, nyumbani kwa juri, mwaka 2025 ripoti ya Sir Brian Leveson ilipendekeza kesi kadhaa zitoke kwenye juri na kwenda kwa jaji anayekaa na mahakimu wawili wasio wanasheria. Jaji au hakimu mmoja na raia wawili: huo ni muundo ambao Mahakama ya Mwanzo ya Tarime iliuzoea kwa miongo mingi.

"Kenya waliwaondoa na hakuna kilichoharibika"

Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Wakurya wa upande wa pili wa Sirari, ukishavuka Isebania, leo kesi zao za mauaji husikilizwa na jaji wa Migori peke yake. Anayesema hakuna kilichoharibika anajua vipi? Swali la mzee ambalo halikuulizwa haliachi alama kwenye kumbukumbu.

Mfano wanaoupenda ni kesi ya Tom Cholmondeley, wa ukoo wa mlowezi maarufu Lord Delamere, iliyoanza kabla ya mabadiliko na hivyo ikaendelea na wazee. Mwaka 2009 wazee wote wawili walisema hana hatia, jaji akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Wanasema, unaona, wazee walikosea. Mimi naona taifa zima lililosikia maoni mawili hadharani, kisha likasikia jaji akieleza kwa kirefu kwa nini hakubaliani nayo. Hivyo ndivyo mfumo unavyotakiwa kufanya kazi. Jaji aliyetofautiana na raia alilazimika kujieleza, na watu wakapata cha kupima.

"Kesi za Mahakama Kuu ni chache, tusipoteze muda"

Hapa nakubaliana na nusu ya kwanza, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Unyang'anyi wa kutumia silaha, miaka 30. Kubaka, miaka 30 au maisha. Nyara za Serikali, miaka 20 na kuendelea. Kesi hizi husikilizwa na Mahakama ya Wilaya, hakimu mmoja, na humo wazee hawakuwahi kuwepo kabisa.

Nenda Mugumu uone. Kijana wa kijiji kinachopakana na hifadhi anashtakiwa kuingia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti bila kibali, kukutwa na panga na nyaya za kutegea, na kukutwa na mguu mbichi wa nyumbu. Thamani ya nyumbu hutajwa kwa dola za Marekani 650, na kesi, ambayo ni ya uhujumu uchumi, inasikilizwa wilayani kwa idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Mashahidi ni askari wa doria moja na ofisa wanyamapori aliyethamini nyama. Nyama yenyewe haifiki mahakamani, huteketezwa kwa amri ya hakimu kwa kuwa itaoza. Mahakama ya Rufani imezitengua hukumu kadhaa za nyara kwa sababu mshtakiwa hakuwepo wala kusikilizwa amri hiyo ilipotolewa. Lakini hadi rufaa ifike huko, kijana amekwisha kukaa gerezani miaka.

Ujangili si jambo la kuchezea, na askari wa doria wanapoteza maisha yao porini. Ninachosema ni kwamba katika kesi ya miaka 20 inayosimama juu ya maneno ya watu wa doria moja, mtu wa Robanda anayejua mto upi ndio mpaka, njia ipi ni ya ng'ombe na ipi ni ya hifadhini, angeuliza eneo la tukio ni wapi hasa. Hakimu aliyehamishiwa Mugumu mwaka jana ataanzia wapi?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Bunge lirudishe ulazima wa wazee kwenye kesi za mauaji, na safari hii wawe na kura, kwa namna kwamba mtu asitiwe hatiani kwa kosa la kunyongwa pasipo angalau raia mmoja kukubaliana na jaji. Wapatikane kwa kura ya bahati nasibu, nusu wanawake. Utaratibu huo uteremke hadi Mahakama ya Wilaya kwa kila kosa lenye kifungo cha lazima cha miaka 20 au zaidi.

Hayo yatachukua muda. Lakini kifungu cha 265 hakikuwafukuza wazee, kimeiacha hiari mikononi mwa jaji, na hiari huombwa. Wakili mwenye kesi ya mauaji kwenye kikao kijacho cha Tarime au Musoma, simama siku ya kwanza uombe jaji aketi na wazee wa baraza, utoe sababu zako, na uhakikishe ombi lako limeandikwa kwenye kumbukumbu. Na wewe ndugu wa mshtakiwa au wa marehemu, mwambie wakili wako aombe.